Mtoto wa Mbweha Hakupotea

Mtoto wa kwanza wa mbweha niliyemwokoa hakuwa na shida yoyote. Shida nilimletea mimi.

Ilikuwa Aprili, mwaka wangu wa tano London. Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na alfajiri ile nilishuka basi saa kumi na moja na nusu, miguu imevimba, nawaza chai na kitanda. Kwenye ua wa nyuma, kando ya banda la mbao ambamo mwenye nyumba anaweka mashine yake ya kukatia majani, nikakuta kitu cha rangi ya kahawa kimejikunja kwenye umande. Nilidhani paka. Kikainua kichwa: pua fupi, macho ya buluu kama yana ukungu, na ncha ya mkia nyeupe kana kwamba imechovywa kwenye chokaa. Alikuwa anatetemeka. Nikavua mtandio nikamfunika, nikaingia naye ndani, nikamchemshia maziwa ya ng'ombe.

Alikunywa, tena kwa pupa. Nikajiona mtu mwema sana. Saa nne asubuhi alikuwa ameharisha kwenye kanga yangu na analia kwa sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, nami nimeshika simu, naongea na mama mmoja wa kituo cha kuokoa wanyamapori ambaye alinihoji kama afisa wa uhamiaji. Macho yamefumbuka? Yana rangi gani? Ana jeraha? Kuna mayai ya nzi kwenye manyoya? Ulimkuta wapi hasa? Nilipomwambia kwamba chini ya banda kuna tundu na kunanuka, akanyamaza kidogo.

"Mpenzi," akasema (wanawake wa rika lake hapa humwita kila mtu mpenzi, hata anayemgombeza), "huyo hakupotea. Alikuwa mlangoni kwao. Wewe umemteka."

Siku hiyo ndipo nilipoanza kuwajua. Mbweha wa Uingereza huzaa zaidi mwezi Machi, watoto wanne au watano. Majuma mawili matatu ya mwanzo mama hatoki shimoni, maana watoto ni vipofu na viziwi na hawawezi kujitia joto wenyewe. Dume ndiye anayeleta chakula. Wakifika kama wiki ya nne wanaanza kuchungulia nje. Na hapo mama, kama mama yeyote mwenye watoto watano wenye meno, hutafuta pa kulala mchana mbali na kelele zao. Kwa hiyo ukimkuta mtoto peke yake bustanini mwishoni mwa Aprili, macho wazi, hana jeraha, mwache. Mama yake huenda yuko nyuma ya ua wa jirani anakutazama wewe.

Nilielekezwa la kufanya. Boksi ambalo mtoto hawezi kulipanda lakini mama anaweza kuingiza shingo. Chupa ya maji moto iliyoviringishwa taulo. Maziwa basi, asipewe tena. Magharibi nilirudishe boksi palepale nilipomtoa, nizime taa, nikae mbali. Usiku ule sikuwa na zamu. Nilikaa jikoni gizani juu ya ndoo niliyoigeuza, na nilikuwa na hakika kwamba mama hatakuja, kwa sababu tangu utoto Tanga tuliambiwa kwamba kinda la ndege ukilishika tu, mama yake atasikia harufu ya binadamu amsuse. Hapa pia wanasema hivyohivyo kuhusu mbweha.

Saa saba na dakika arobaini alikuja. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyotegemea, manyoya ya tumboni yamechakaa kwa kunyonyesha. Akazunguka boksi mara tatu. Akasimama akatazama dirisha langu moja kwa moja, nami nikaziba pumzi. Kisha akatia kichwa ndani, akamtoa mwanawe kwa ngozi ya shingo, akapita naye kwenye pengo la uzio. Harufu yangu, na ya maziwa yangu ya kuchemsha, hazikumshughulisha. Siku mbili baadaye tundu chini ya banda lilikuwa tupu. Alikuwa amewahamisha wote, na sikumlaumu. Jirani wa namna yangu ungekaa naye?

Nilianza kujitolea kituoni mwezi uliofuata, kila nilipokuwa na siku ya mapumziko. Nimefanya hivyo misimu sita sasa.

Nilipomwambia mama yangu kwa simu, alipiga kelele. "Mwanangu, hao si ndio wenye kichaa?" Hakukosea kuogopa. Mtaani kwetu mtoto wa jirani aliwahi kung'atwa na mbwa, na zile safari za hospitali kwenda kuchomwa sindano moja baada ya nyingine sote tunazikumbuka. Nilimweleza kwamba Uingereza haijawa na kichaa cha mbwa kinachoenea kwa wanyama wa nchi kavu tangu 1922, na kwamba Ulaya bara, ambako mbweha ndio waliokuwa wasambazaji wakubwa, waliupiga vita ugonjwa kwa kuwachanja mbweha wenyewe porini. Walianza Uswisi mwaka 1978, wakatupa vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo msituni, mbweha wakala. Mama alicheka mpaka akakohoa. Vichwa vya kuku! Lakini nilimwambia pia, na nawaambia mnaosoma mkiwa Afrika Mashariki: haya ninayoyasimulia yasijaribiwe huko. Huko kichaa kipo. Mnyama wa porini anayekujia bila woga usimguse hata kama ni mtoto na anatia huruma. Waite watu wa wanyamapori.

Tena mbweha wa huko si huyu. Yule mwenye mgongo mweusi tunayemwita mbweha, au bweha, ni karibu na jamaa ya mbwa na mbwamwitu kuliko huyu mwekundu wa London. Kwetu wa ukoo wake hasa ni bweha masikio, yule mdogo mwenye masikio makubwa anayekula mchwa. Kiswahili kimewapa wote jina moja, nasi tunaelewana tu.

Swali la pili la mama lilikuwa kama naosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu inavyotaka kwa najisi ya mbwa. Hilo alilijibu mjomba, ambaye alisoma: hukumu ya mbwa ni ya mbwa, na kwa madhehebu yetu ya Shafii mbweha hahesabiwi naye. Mama akaridhika nusu. Mpaka leo akinipigia huuliza kama nimeoga.

Aliyenifundisha kazi alikuwa bibi mmoja mstaafu, zamani nesi wa watoto njiti. Hilo lilikuwa bahati yangu, maana mtoto wa mbweha aliyeletwa akiwa hajafumbua macho ni njiti hasa. Anazaliwa na uzito wa gramu kama 100, rangi ya chokoleti nyeusinyeusi, pua butu. Watu wengi huwaleta wakidhani ni watoto wa paka au wa mbwa. Wanapatikana wapi? Mama kagongwa na gari. Wajenzi wamebomoa ukumbi wa mbao wakawakuta chini. Mbwa wa mtu kamtoa mmoja shimoni, kamleta sebuleni kama zawadi.

Sheria ya kwanza ya bibi: hakuna kumlisha mtoto aliye baridi. Mimi nilidhani aliye baridi ana njaa, ale apate joto. Ni kinyume. Mwili ukiwa baridi tumbo halifanyi kazi. Maziwa yanakaa mle yanachacha. Kwanza umtie joto, polepole. Kisha maji yenye chumvichumvi, maana karibu wote hufika wamekaukiwa. Maziwa baadaye, na ni ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Ya ng'ombe nilishajifunza kwa kanga yangu.

Sheria ya pili: mtoto wa mbweha halishwi chali kama mtoto wa mtu. Analala kifudifudi, kama anavyolala kwa mama yake, kichwa kimeinuka kidogo. Unatumia bomba la sindano lenye chuchu ndogo ya mpira, na unasubiri avute mwenyewe. Ukisha, unachukua pamba yenye maji ya vuguvugu unampangusa chini ya mkia mpaka akojoe, kwa kuwa hawezi peke yake. Mama yake angemlamba. Halafu mizani. Halafu daftari. Halafu anayefuata. Ukimaliza wa nane, wa kwanza ameanza kulia tena, saa mbili zimepita.

Msimu wangu wa pili niliua mmoja. Nalisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, sijalala, na yeye alikuwa mzito wa kuvuta. Nikasukuma bomba kwa kidole gumba, kidogo tu, ili tumalize. Maziwa yakatoka puani. Nilimwinamisha, nikampangusa, akapiga chafya, akatulia, nikajiambia amepona. Daftarini ameandikwa gramu 212, kesho yake 219, keshokutwa 203. Usiku wa siku hiyo kifua kilikuwa kinakoroma ukimweka sikioni. Dawa alipewa. Alfajiri bibi alimfunga kwenye kitambaa.

Nilitegemea anifukuze au anibembeleze. Akanisogezea daftari. "Andika ulichofanya," akasema. "Si kwamba amekufa, hilo wataliona. Andika kidole." Nikaandika: nilisukuma, alikuwa hajavuta, nilikuwa na usingizi. Tangu hapo kuna utaratibu kwamba anayetoka zamu ya usiku hashiki bomba, anafua mataulo. Sikuutunga mimi utaratibu huo, lakini najua umetokana na ukurasa upi.

Mataulo ni kazi, msidharau. Mbweha ananuka. Si kinyesi tu. Ana harufu yake, kali, inayofanana na mpira ulioungua uliochanganywa na jasho, na inakaa kwenye nywele. Kwenye basi watu walikuwa wanahama viti.

Na wana ukurutu. Huu unaletwa na kidudu kidogo kinachochimba ngozi, na mbweha mkubwa asiyetibiwa hunyonyoka manyoya yote, ngozi ikawa ganda kama ya mkate, mpaka afe. Kwa binadamu kidudu hicho cha mbweha hakizaliani. Kinakuwasha majuma machache kisha kinakufa. Hayo niliyajua. Nisichokifikiria ni kwamba nafanya kazi na wazee. Siku moja meneja akaniona najikuna mikono yote miwili hadi kwenye kiwiko, akaniuliza, nami bila kufikiri nikajibu, "Ah, ni ya mbweha." Nilirudishwa nyumbani dakika hiyohiyo. Siku tisa bila mshahara mpaka daktari alipoandika karatasi. Hakuna wa kumlaumu. Glovu zilikuwepo, niliziona zinanichelewesha.

Hadi wiki ya sita hivi unawashika, unawapangusa, unawajua. Baadaye unatakiwa uwe kama hewa. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko kuamka usiku, na sikuambiwa mapema, au niliambiwa sikusikia. Watoto wa umri mmoja, waliotoka sehemu mbalimbali, huunganishwa kwenye kundi la wanne au watano, kwa sababu mbweha aliyelelewa peke yake anamchukua mtu kuwa mbweha mwenzake. Kundi likishaundwa huongei karibu nao. Huwaiti. Chakula kinapitishwa kwenye kijidirisha: vifaranga madume wa siku moja, waliogandishwa, ambao wafuga kuku wa mayai huku huwaua kwa kuwa hawatagi. Mara ya kwanza kufungua mfuko ule nilisimama nautazama. Kwetu kifaranga ni mtaji.

Na hakuna kuwapa majina. Ni namba tu. Mimi nilimpa mmoja jina kimoyomoyo, jike dogo lililokuja na jicho moja limevimba na kung'ata kila kitu hadi mpini wa fagio. Nikamwita Mwajuma, shangazi yangu anisamehe. Siku nilipopita karibu na banda akanikoromea na kurudi kinyumenyume gizani, nilijisikia vibaya kama nimetukanwa na mtu wa nyumbani. Bibi akanipita na ndoo. "Hongera," akasema.

Sikumwelewa mpaka alipoletwa yule wa familia.

Walimpata Machi, kipofu, chini ya sakafu. Walimlea nyumbani majuma saba, kwa upendo wa kweli. Alilala na mbwa wao. Alikuwa na kola nyekundu. Walimleta kwetu alipoanza kukojolea makochi na kutafuna nyaya, baba wa familia amembeba kwenye blanketi na macho yake yamelowa. Afya ya mtoto ilikuwa nzuri kuliko ya wetu wote. Sina neno baya kwa watu wale. Ningekuwa na nyumba yangu mwenyewe badala ya chumba cha kupanga, huenda ningefanya vilevile.

Tulimtia kwenye kundi. Wenzake walimkubali, alicheza nao, alikula vifaranga. Lakini kila aliposikia sauti ya mtu, hata redio ya fundi upande wa pili wa ukuta, aliacha chakula akaenda kulia kwenye wavu. Tulijaribu Mei, Juni, Julai. Agosti, wenzake wakisikia hatua za viatu walikuwa wanatoweka kama maji kwenye mchanga. Yeye alikuja mbio, akalala chali, mkia unapiga chini.

Mbweha wa namna hiyo ukimwachilia atamfuata mtu wa kwanza atakayemwona, na si kila mtu anampenda mbweha. Atasimama mbele ya mbwa. Kwa hiyo hakuachiliwa. Amepelekwa kwenye hifadhi inayowapokea wasioweza kurudi, ana eneo lenye miti na mwenzake mmoja mlemavu. Nilikwenda kumwona mara moja. Alinijua, au alijua tu kwamba mimi ni mtu. Akaja kwenye wavu akalala chali. Nilikaa naye saa nzima na sijarudi tena.

(Wakati mwingine watu huuliza kama sheria inaruhusu kumwachilia mbweha. Inaruhusu. Kichekesho ni kwamba kindi wa kijivu, anayelishwa karanga na watoto kwenye kila bustani ya London, ukimwokoa huruhusiwi kumrudisha, kwa kuwa ni mgeni kutoka Amerika. Mara ya kwanza kusoma sheria ile niliisoma mara mbili, mimi na karatasi zangu za ukaazi.)

Kuachilia kunafanyika mwishoni mwa kiangazi, kuelekea vuli, wakati ambapo hata vijana wa mbweha walio porini huanza kutawanyika kutoka kwa wazazi. Hatuwamwagi tu kando ya barabara. Kundi linahamishiwa kwenye banda lililojengwa shambani kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakae humo siku kadhaa wazoee harufu na sauti za pale. Kisha jioni moja mlango unafunguliwa, na chakula kinaendelea kuwekwa majuma machache, kikipungua.

Kundi la Mwajuma lilikwenda Kent, kwenye pembe ya shamba, nyuma ya uzio wa miti ya miiba. Nilipewa kazi ya kufungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa. Nilikuwa hata na kitambaa mfukoni. Nikavuta komeo, nikarudi nyuma hadi kwenye gari, tukangoja. Hakuna aliyetoka. Jua likazama, mbu wakaja, bibi akala mkate wake wote. Tukaondoka. Kamera iliyofungwa kwenye mti ilionyesha baadaye kwamba wa kwanza alitoka saa sita usiku, akarudi, akatoka tena. Mwajuma alitoka wa mwisho, karibu na alfajiri, amebeba mdomoni kifaranga alichokuwa amekificha.

Najua hesabu zilivyo. Barabara zinawamaliza, na wengi wa mbweha wa nchi hii hawafikishi miaka miwili. Nimeacha kumwuliza bibi wangapi wanaishi. Yeye hujibu kwa kunipa mataulo.

Zamu yangu ya kupeleka chakula ilikuwa Jumanne. Jumanne ya kwanza bakuli lilikuwa limelambwa likang'aa, limeburutwa mita kumi hivi. Ya pili, limebaki nusu, na kinyesi juu ya jiwe chenye mbegu za matunda ya miiba: wameanza kujitafutia. Ya tatu mvua ilikuwa imenyesha. Chakula kilikuwa vilevile kilivyowekwa, kimejaa maji, koa wawili wanatembea ukingoni. Nilisimama pale kidogo, nikasikiliza. Kisha nikakimwaga chini ya miiba, nikasuuza bakuli kwenye bomba la mwenye shamba, nikalitia kwenye mfuko na kwenda kusubiri treni.